Ng'ombe Kwanza

Tangu Munira aletwe kwetu Nachingwea, kiti cha chumba chake hakikuwahi kupata joto. Waliomtangulia pale dirisha la dawa walikuwa wakikaa, wakipokea cheti, wakitoa dawa, wakisema kutwa mara mbili, haya, mwingine. Yeye atasimama, atazunguka, atapanga upya rafu iliyopangwa jana, kisha utamkuta nje kwenye mabenchi anamuuliza mzee wa watu asubuhi amekula nini. Mimi ni nesi wa kliniki ya sukari na presha tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi. Nikamwita Kiguu na Njia, tena mbele yake. Alicheka, akaendelea kuzunguka.

Ufamasia alikuwa nao tayari, na shahada, na leseni. Kilichomleta huku kusini ni mafunzo ya ubobezi, mwaka mzima wa kujifunza kuwahudumia wagonjwa wa nje, wale wanaokuja kliniki na kurudi makwao kwa miguu yao. Chuo kilimpangia kliniki mbili, yetu na ya Ruangwa, na mimi nikapewa kazi ya kuongozana naye, kwa kuwa nazijua njia na naijua midomo ya watu. Hakuja kugawa vidonge. Alitakiwa akae na mgonjwa, azijue dawa zake zote, aone kama zinamfaa, na zisipomfaa amwambie daktari bila kuogopa. Mwanzoni nilimwona mtu aliyekuja kututafutia makosa. Nilikosea.

Nilimjua siku aliponieleza kwa nini hatulii. Tulikuwa kwenye gari tukienda Ruangwa, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Alisema mgonjwa wa wodini unamwona. Akizidiwa uko pale. Huyu wa nje ukishampa dawa anatoweka nayo, anaipeleka kwenye nyumba usiyoijua, anaitumia kwa mikono usiyoiona, na wewe unabaki kukisia.

"Sista Koleta, mimi kukisia kunaniumiza tumbo," alisema.

Nilimwambia anywe maji. Lakini sikulisahau neno lile.

Aliyemuumiza tumbo kuliko wote alikuwa Limi wa Narung'ombe, kule upande wa Ruangwa. Niseme mapema kwamba mimi na watu wa ng'ombe tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Walishuka na makundi yao kutoka kanda ya ziwa, wakaikuta nchi yetu ya korosho na ufuta, na tangu hapo kila kijiji kina kesi. Shamba langu la mbaazi kule Marambo waliliingizia ng'ombe msimu uliopita, nikavuna mavi. Hawakuwa ng'ombe wa kina Limi, wale wako mbali kabisa, lakini hasira haichagui. Nilipomwona mwanamke mrefu, mwembamba, na shanga zake shingoni, ameketi kwenye benchi la kliniki pembeni ya mumewe mwenye fimbo, nilijisemea, hao nao.

Limi hakuwa amefika thelathini. Kisukari kilimshika akiwa bado ananyonyesha, kikamkausha kama jani la muhogo juani. Vidonge havikumsaidia. Dakta Harithi, mkuu wa kliniki ya Ruangwa, akamwanzishia insulini, sindano asubuhi na jioni. Tatizo macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, hakuweza kuona vile vistari vidogo kwenye bomba la sindano. Mume wake, Luhende, akasema hilo si tatizo. Alichukua bomba mbele yetu, akavuta dawa mpaka kwenye kistari hasa, akagonga kutoa hewa kwa kidole kama mtu aliyezaliwa hospitali. Alisema anachoma ng'ombe tangu hajaota ndevu. Tulimsifu wote. Yule mwanaume alifurahi, akamtazama mkewe kwa maringo, na Limi akatabasamu kidogo. Wakaondoka.

Kisha Limi akaanza kuanguka.

Mara ya kwanza alianguka kisimani. Jasho lilimtoka, akatetemeka, akalala chini kama gunia, na wanawake wenzake wakamnywesha maziwa ndipo akazinduka. Sukari ilikuwa imeshuka. Munira akapunguza dozi kwa ruhusa ya daktari. Kliniki iliyofuata sukari ikawa juu kupita kiasi, Limi anakojoa na kunywa maji kutwa nzima. Wakairudisha dozi ilivyokuwa, akakaa vizuri siku kadhaa, halafu akaanguka tena akiwa anatwanga. Siku nyingine anashinda salama mpaka jua linazama, hana neno. Munira akaanza kutafuna vifuniko vya kalamu.

Alitafuta kila mahali. Alidhani dawa inaharibiwa na joto, lakini Luhende alikuwa ameizika kwenye chungu chenye mchanga mbichi, kivulini, kama tulivyomfundisha. Alidhani mabomba si ya aina yake, akayakagua, yalikuwa sawa. Akauliza miti shamba. Limi akasema alikunywa zamani, akaacha. Mimi nilimnong'oneza Munira kwamba pengine mwanamke hapewi chakula, watu hawa ng'ombe wao ndio watoto wao. Akaenda kuuliza vilevile, hana haya yule binti. Limi alishangaa. Alisema anakula ugali na maziwa kuliko sisi.

Alipoangukia motoni, akaunguza mkono kuanzia kiwiko mpaka kifundo, Dakta Harithi akasema inatosha. Ni mtu mwema, ila amechoka, na nani hajachoka. Alimwita Munira ofisini, nami nikaingia nyuma yake. Akasema atamrudisha Limi kwenye vidonge.

"Sukari ya juu itamla polepole," alisema. "Ya chini itamzika kesho."

Munira alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Alisema vidonge vilishashindwa, mwili wa Limi hautengenezi tena insulini yake mwenyewe, na bila sindano hatamaliza msimu. Dakta akamuuliza, basi niambie kwa nini anaanguka. Munira akaomba muda wa kutafuta. Dakta akampa nafasi mpaka kliniki ijayo. Asipojua sababu, sindano inaachwa.

Tungengoja kliniki hiyo kwa utulivu kama Luhende asingekuja kutuaga. Maneno kijijini yalikuwa yamechemka, ng'ombe wa watu fulani wameingia kwenye ufuta wa watu fulani, na mikutano ya namna ile mwisho wake tunaujua. Luhende hakutaka kungoja mapanga. Alisema atahamisha mifugo kwenda huko mbele ya Liwale kabla wiki haijaisha, na mke ataondoka naye. Alikuja kuomba dawa za njiani. Tena aliomba kwa adabu sana, kofia mkononi.

Siku ile Munira hakula. Njia nzima ya kurudi Nachingwea alikuwa anasema peke yake, joto siyo, bomba siyo, chakula siyo. Mimi mbavu zilikuwa zinaniuma kwa mashimo, na moyoni nilikuwa nimeshamzika Limi. Nilimwambia, mwanangu, wengine huwezi kuwaokoa. Alinigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Hatujawahi kumwona akichomwa," alisema.

Nilimjibu kwamba tulimwona Luhende kwa macho yetu.

"Tulimwona akivuta dawa. Kuchoma alikwenda kuchomea kwake."

Gari la chanjo ya watoto lilikuwa linakwenda Narung'ombe kesho yake alfajiri. Munira aliomba nafasi mbili bila kuniuliza, akaja kugonga kwangu kabla ya adhana kwisha. Nilimtukana kidogo, nikavaa sare yangu.

Tuliwakuta watu wa chanjo wana shughuli zao, tukawaacha, tukatembea kuelekea kwenye boma la Luhende nje ya kijiji. Mikorosho ya njiani ilikuwa imepuliziwa salfa juzi, harufu inakaba koo. Ukiipita mikorosho ya mwisho unaanza kusikia kengele za ng'ombe. Limi alikuwa jikoni anasonga ugali, mkono wake bado una bandeji. Alitukaribisha vizuri, akatupa vigoda, akanipigia magoti mimi kwa ajili ya umri wangu, nikaona aibu maana nilikuwa nimenuna tangu barabarani.

Munira akamuuliza kama ameshachomwa. Limi akasema bado, mzee yuko zizini, kuna ndama anaumwa.

"Huwa anaanza na ng'ombe," alisema. "Mimi nafuata."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekwambia jua linachomoza wapi.

Munira hakuweza kungoja kwenye kigoda. Tukaenda zizini. Luhende alitusalimu kwa kichwa tu kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Amembana ndama ubavuni kwa goti, bomba mkononi. Alipiga shingo ya yule mnyama kwa kiganja, paa, paa, ngozi ikakaza, na pigo la tatu likaja na sindano ndani yake, wima, mpaka mwisho. Ndama hakupata hata nafasi ya kuruka. Ilikuwa kazi safi, lazima niseme. Nilikuwa karibu kumsifu tena.

Munira alikuwa amenishika mkono. Kucha zake zilikuwa zinaniingia.

Alimngoja Luhende anawe. Kisha akamwomba, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo kawaida, amwonyeshe anavyomchoma mkewe. Lakini asianze na Limi. Alikuwa amekuja na maji ya chumvi ya hospitali, safi, hayadhuru, na mabomba mapya. Akaanza kukunja mkono wa gauni lake. Luhende akarudi nyuma hatua moja, akatazama pembeni. Binti wa watu, hajaolewa, Mwislamu, kajifunika vizuri, na yeye amshike mkono uwanjani kwake mbele ya mkewe. Nilimwona anavyohangaika mtu mzima yule.

Nikasema, mchome mimi.

Sijui kilichonituma. Nilikunja sare, nikatoa mkono uleule uliopalilia mbaazi kule Marambo. Mimi ni rika la mama yake Luhende, hapo hapana fitina. Alicheka kwa kuona afueni, akavuta maji ya chumvi mpaka kwenye kistari, akagonga hewa, yote barabara kama siku ile. Kisha akanivuta ngozi ya mkono ikakaza, akanipiga kiganja, paa, paa, na sindano ikazama wima mpaka mwisho. Niliona nyota mchana. Miaka yote nachoma watu na sikujua sindano ndogo vile inaweza kufika mbali.

"Na Limi unamchoma hivi?" Munira aliuliza.

"Hivi hivi. Mkono, kesho paja. Nabadilisha, nisimuumize sehemu moja."

Munira alinitazama, nami nikamtazama. Luhende alikuwa anaipeleka insulini kwenye nyama. Dawa ile inatakiwa ikae chini ya ngozi, kwenye mafuta, iingie mwilini taratibu. Ukiitia kwenye nyama ya mtu mwembamba, halafu nyama ile ikaenda kuchota maji au kutwanga, inakimbia yote kwa mkupuo, na sukari inaanguka na mwenye sukari anaanguka nayo. Siku akikaa, hana neno. Ndiyo maana hatukuona mpangilio wowote. Mpangilio ulikuwa kisimani na kwenye kinu.

Nilitegemea Munira amwage somo lote pale pale, maana ndivyo alivyo. Badala yake alichuchumaa chini, kwenye vumbi la zizi, akatulia. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo. Akamuuliza Luhende kama kwa ng'ombe kuna dawa yoyote asiyoipeleka kwenye nyama.

Luhende alijibu haraka, kama mwanafunzi anayejua. Ipo. Chanjo ya chambavu, ule ugonjwa unaovimbisha paja la ng'ombe. Hiyo ukiipeleka nyamani umeharibu. Hiyo unainua ngozi kwa vidole viwili, unapitisha sindano chini yake, unaachia. Alikuwa anaonyesha kwa vidole hewani, ameinua ngozi ya ng'ombe asiyekuwepo. Vidole vikabaki pale pale.

Alimtazama mkewe aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Alitazama ile bandeji.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni sisi pia," Munira alisema. "Ulituambia unajua kuchoma, hatukuuliza unajua kuchoma wapi."

Hakuwa anasikia. Alikwenda akaliweka bomba juu ya nguzo ya zizi, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Akasema hatamchoma tena. Atafutwe mtu mwingine. Munira akasimama na yale mahangaiko yake yakamrudia yote, akaanza kutaja. Jirani. Hakuna jirani, wanahama. Zahanati. Huko waendako ni mwendo wa nusu siku. Limi ajichome mwenyewe. Haoni vistari. Luhende avute dawa tu, Limi ajichome. Luhende akasema hata kuvuta hatavuta, mkono huu umemtia mke wangu motoni. Alikuwa anautazama mkono wake kwa chuki. Munira alimgeukia huku na huku, mimi nikamwomba kama mama, yeye anatikisa kichwa. Tumepata sababu, tumepoteza mkono, na mwanamke yuleyule atakufa barabarani.

Limi alipita katikati yetu. Aliichukua chupa ya dawa kwenye chungu chake na bomba jipya kwenye kisanduku cha Munira, akaja akaviweka juu ya kile kisanduku mbele ya mumewe. Akafunua khanga kidogo ubavuni, akaishika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiinua.

"Mimi nainua," alisema. "Wewe choma."

Luhende akasema kitu kwa Kisukuma, kifupi. Limi akamjibu kwa Kiswahili, na naamini alitaka tusikie.

"Unataka nife ili wewe usione aibu?"

Hakupaza sauti. Alibaki vile vile, ngozi imeinuliwa, na ule mkono wake wenye bandeji umening'inia. Kengele zikalia nyuma yetu, ng'ombe mmoja akakohoa. Luhende alichukua bomba. Mikono ile niliyoisifu ikakikosa kistari, akarudisha dawa, akavuta upya, Munira anamtazamia begani bila kumgusa. Kisha akaingiza sindano chini ya ngozi, polepole kupita kiasi, kama anayechoma yai. Limi akacheka. Alisema leo hata haijauma.

Hatukuondoka. Limi alikula ugali wake wote tukiwa tumekaa, na Munira akamtoboa kidole kupima. Akamwacha aende kisimani, yeye akimfuata nyuma na kile kipimo kama mwizi. Gari la chanjo lilitupigia honi, likatupigia simu, likatuacha. Limi alikwenda na kurudi na ndoo kichwani, akatwanga, akageuza mahindi juani, na kila tulipompima sukari ilikuwa inashuka kidogokidogo kama mtu anayeshuka ngazi. Jasho lililomtoka lilikuwa la kazi. Luhende alikaa kwenye kivuli cha ukuta muda wote huo, ng'ombe wake hajawafungulia, anamtazama mkewe anavyotembea.

Tulirudi kwa bodaboda, Munira mbele, mimi nyuma, mkono wangu umevimba. Dakta Harithi alisikiliza habari yote bila kukatiza, akaagiza insulini iendelee kwa dozi ndogo kidogo, na akasema kuanzia sasa kila anayepewa sindano achome mbele yetu, hata awe nani. Munira aliongea kwa simu na mwenzake wa Liwale ili Limi apokelewe. Kina Luhende walihama siku ileile waliyopanga. Sikwenda kuwaaga, nilikuwa kazini. Kijijini wengine walifurahi kuwaona wakiondoka, na zamani ningefurahi nao.

Mwaka wa Munira nao ukaisha. Nasikia kule Dar es Salaam walimu wake walimuuliza maswali mengi juu ya Limi, na alijibu yote akiwa anatembeatembea mbele ya ubao mpaka wakamwomba akae. Alifaulu. Aliniambia hayo kwa simu, huku nyuma nasikia viatu vyake.

Luhende alipiga muda mrefu baadaye, namba nisiyoijua. Mvua zilikuwa zimeanza, nilikuwa Marambo napanda mbaazi. Aliniamkia, akaniuliza habari za mkono wangu. Nilimwambia umepona, ingawa baridi ikija naukumbuka. Akaomba radhi. Nikamuuliza Limi.

"Hajaanguka," alisema. "Yeye anainua, mimi nachoma. Tunaanza na yeye, sista. Ng'ombe baadaye."